Pigo Lipi Libaki? Dramu za Roki ya Zamani kwa Mpigaji wa Leo

Mpiga dramu anayetaka kupiga kopi ya wimbo wa roki wa miaka ya 1960 au 1970 hupewa ushauri wa aina mbili, na hakuna unaomfikisha mbali. Wa kwanza humtaka afuate rekodi pigo kwa pigo, maana wenyewe walishamaliza kazi na hakuna la kuongeza. Wa pili humtaka atie ladha yake, kwani kopi isiyo na jipya ina faida gani? Anayetoa ushauri wa kwanza hajui rekodi zile zilivyotengenezwa. Anayetoa wa pili hajajiuliza kwa nini watu waliupenda wimbo. Swali ambalo kwangu lina tija ni jingine: katika yote yanayosikika, ni pigo lipi ambalo mwimbaji na wapigaji wengine wanaliegemea? Hilo lisiguswe. Mengine yote yanajadilika, na walioyapiga mara ya kwanza nao waliyajadili.

Tuchukue mfano mgumu kuliko yote. Katika majira ya baridi ya 1970 kuingia 1971, Led Zeppelin walikuwa wamekodi Headley Grange, jumba kongwe la Hampshire, kusini mwa Uingereza, lililojengwa mwaka 1795 kuwa makao ya maskini. Hapo ndipo walipoandaa sehemu kubwa ya albamu yao ya nne, iliyotoka Novemba 1971. Dramu za John Bonham ziliwekwa kwenye ukumbi wa kuingilia, chini kabisa ya ngazi, na fundi sauti Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili huko juu ghorofani. Hakusogeza maikrofoni karibu na ngoma yoyote. Sauti ile akaipitisha kwenye kifaa cha kuibana na kwenye mashine ya mwangwi ya Kiitaliano, Binson Echorec, na baadaye mkanda ukapunguzwa kasi. Hivyo ndivyo zilivyopatikana dramu za "When the Levee Breaks", ambazo hadi leo ni kipimo cha ukubwa wa sauti katika roki.

Sasa jiulize: katika hayo, sehemu ya dramu ni ipi? Kuna mtu, kuna nyumba, kuna mashine, kuna mkanda. Mtu aliyeketi chumbani kwake Kinondoni au Umoja na dramu za kawaida hawezi kuwa na ngazi za Headley Grange. Anachoweza kukipata ni kile alichokifanya mtu, na hicho hakina ugumu unaofikiriwa. Haihati inakwenda mapigo manane kwa kila kipimo. Snea inapigwa kwenye mbili na kwenye nne. Mguu ndio wenye habari: unapiga mara mbili za haraka mwanzoni mwa kipimo, unanyamaza wakati snea inajibu, unapiga tena mara moja kabla tu ya hesabu ya tatu, halafu mara mbili za haraka kuitangulia snea ya nne. Kwenye tatu yenyewe mguu haupo. Pale ambapo mwili wa msikilizaji unasubiri uzito, kiki imeshatangulia kidogo na kupita, na haihati imebaki peke yake. Wimbo mzima unayumba kwa sababu ya nafasi hiyo.

Nimesikia kopi nyingi za wimbo huu, na zinazoshindwa karibu zote hushindwa hapo. Mpigaji huona uwazi ule kama kasoro, akaujaza. Anaweka kiki kwenye tatu kwa sababu mguu wake umezoea kuiweka huko, na mara moja ule mwendo mzito unageuka kuwa mdundo wa kawaida wa kila bendi. Wengine hukosea kwa bidii nyingi mno: wanausikia mwangwi wa Binson kwenye rekodi, wanadhani ni mapigo, wanahangaika kuyapiga kwa mikono. Mapigo yale hayakupigwa na mtu. Mwenye kifaa cha mwangwi, hata programu ya bure kwenye simu, akilinganishe na kasi ya wimbo kimfanyie kazi hiyo. Asiye nacho aache kimya kikae.

Ukubwa wa sauti nao una njia yake hata kwa dramu ndogo. Kiki ya Bonham ilikuwa ya inchi 26. Wengi wetu tuna ya 20 au 22. Mazoea ya siku hizi ni kuingiza mto au blanketi ndani ya kiki ili itoe pigo fupi, kavu, na mazoea hayo yanafaa kwa nyimbo nyingi. Kwa wimbo huu toa mto. Acha ngozi ivume, halafu weka simu au maikrofoni mbali na dramu, ikiwezekana kwenye korido au mlangoni mwa chumba cha jirani. Utasikia chumba kikiingia kwenye sauti. Hakitakuwa chumba cha Hampshire, kitakuwa chako, na hiyo si hasara. Usichopaswa kufanya ni kupiga kwa nguvu zaidi ili kufidia. Bonham alikuwa na nguvu, lakini uzito wa wimbo huu unatokana na mwendo wake wa takriban mapigo 70 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, kati ya kiki mbili za haraka kuna muda unaokaribia sehemu moja ya tano ya sekunde. Mtu mwenye jazba huufupisha, na wimbo unakimbia.

Jambo moja kuhusu wimbo huu linastahili kukumbukwa na kila anayeogopa kuugusa. Haukuwa wa Led Zeppelin. Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi mwaka 1929, wakiimba habari za mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927 yaliyowaondoa watu wengi makwao, na wengi wa waliohama walikuwa Wamarekani weusi. Rekodi ile ina magitaa na sauti ya mwimbaji. Haina dramu kabisa. Bonham alipiga kopi ya wimbo usio na sehemu ya dramu, kwa hiyo hakuwa na cha kuiga. Alichukua uzito wa maneno na mwendo wa gitaa akavitafutia miguu. Mwaka 1986 Beastie Boys wakakata vipimo vyake wakavigeuza msingi wa wimbo wa rapu. Leo kuna vijana wanaoujua mdundo huo bila kujua ulitoka wapi, sembuse kujua kwamba kabla yake kulikuwa na mwanamke na mwanamume wenye magitaa.

Hali ni hiyo hiyo kila unapochimba. Ule mwanzo wa "Rock and Roll", ulio kwenye albamu hiyo hiyo, ambao umewatoa jasho wapiga dramu kwa zaidi ya miaka hamsini, ulianza pale Bonham alipokumbuka mwanzo wa "Keep A-Knockin'" wa Little Richard wa mwaka 1957, uliopigwa na Charles Connor. Wenzake walikuwa wakihangaika na wimbo mwingine. Bonham akaanza tu, Jimmy Page akaingia na gitaa, na wimbo mpya ukazaliwa hapo. Ugumu wake hauko mikononi. Uko kwenye kuhesabu, maana mapigo yale hayaanzii kwenye moja. Yanaanzia katikati ya hesabu, na anayeyasikia kama moja atajikuta bendi imeingia na yeye yuko upande wa pili. Kopi ya mwanzo huu inaweza kupunguzwa mapigo, inaweza kupigwa kwa haihati tupu, inaweza hata kupigwa taratibu. Haiwezi kuanza mahali pengine, kwa sababu gitaa linaingia kwa kutegemea mahali hapo.

Kazi ya kuchukua cha mwingine na kukifanya chako haijapata kufanywa kwa ustadi na kwa uwazi kama alivyofanya Jeff Porcaro wa Toto katika "Rosanna", wimbo wa 1982 ulioshinda Grammy ya rekodi ya mwaka mwanzoni mwa 1983. Porcaro mwenyewe alieleza, akiwa ameketi kwenye dramu mbele ya kamera, alikopata kila kitu. Msingi ni mwendo wa Bernard Purdie, ule uliomo kwenye "Home at Last" ya Steely Dan ya 1977. Akauongezea alichokisikia kwa Bonham kwenye "Fool in the Rain" ya 1979. Mguuni akaweka mdundo wa Bo Diddley, ambao nao una asili ya Kiafrika na Karibi kabla haujafika kwenye roki. Watu watatu, vizazi viwili, na matokeo yake ni kitu ambacho ukikisikia kwa sekunde mbili unajua ni Porcaro.

Tuuangalie kwa karibu, kwa sababu mdundo huu unafundisha namna ya kupunguza bila kuua. Kila hesabu imegawanywa mara tatu. Haihati inagusa sehemu ya kwanza na ya tatu. Sehemu ya kati inagongwa na mkono wa kushoto kwenye snea, lakini kwa upole mno, kijiti kikidondoka kutoka kimo cha vidole viwili hivi, kiasi kwamba msikilizaji hatambui kuwa kuna kitu kinapigwa. Anasikia tu kwamba mdundo unapumua. Halafu, mara moja katika kipimo, kwenye hesabu ya tatu, mkono huo huo unapiga snea kwa nguvu zote. Kutoka pigo lisilosikika hadi pigo la kutikisa madirisha na kurudi, kwa mkono mmoja, bila mwendo kuyumba. Hapo ndipo penye kazi. Mguu, ukiwa na mdundo wa Bo Diddley ulionyooshwa juu ya vipimo viwili, ni nyongeza.

Mpigaji akilemewa, silika yake humwambia atupe yale mapigo madogo ya snea na abaki na mguu, kwa sababu mguu unasikika na mapigo madogo hayasikiki. Ningemsihi afanye kinyume. Rahisisha mguu: kiki kwenye moja, na nyingine moja ya kuivuta snea, basi. Tunza mapigo madogo kama mali. Kinanda na besi vya Toto vinakaa juu ya mtikisiko ule wa chini chini. Ukiondoka, wimbo unakuwa mkavu hata mguu wako ukiwa sahihi kwa asilimia mia. Na kwa aliyekulia pwani kuna faida. Mgawanyo wa tatu ndani ya mdundo unaokwenda kwa mbili ndio mwendo wa chakacha. Mtu aliyecheza chakacha harusini tangu utotoni ana kitu mwilini ambacho mwanafunzi wa dramu wa Ulaya hukitafuta kwa metronomu, na akikaa kwenye "Rosanna" aanze na kiuno chake kabla ya kufungua karatasi ya nota.

Miili ya wapigaji waliotangulia nayo imo ndani ya mapigo yao. Ringo Starr ni wa mkono wa kushoto, lakini alipigia dramu zilizopangwa kwa ajili ya mtu wa kulia. Alipotaka kuzunguka kwenye tomu, mkono wake wenye nguvu ulikuwa upande usiotarajiwa, na vijazio vyake vikatoka na mkato ambao mtu wa kulia huona umepinda. Kwenye "Come Together" ya 1969 aliongeza mataulo juu ya ngozi za tomu ili zitoe sauti ya kufunikwa. Anayepiga kopi yake kwa mkono wa kulia ana njia mbili za haki. Anaweza kuanzisha vijazio kwa kushoto, akubali uzito wa kujifunza upya, na apate ule mkato. Au aanze kwa kulia, apate kijazio laini zaidi, na asidanganye kwamba ni kile kile. Mataulo hayana gharama, kwa hiyo hapo hakuna udhuru.

Charlie Watts wa Rolling Stones alikuwa na tabia ya kuinua mkono wa haihati kila snea ilipopigwa, hivi kwamba snea yake ilitoka peke yake, bila kufunikwa na kitu. Kwa macho ni jambo dogo. Kwa masikio ni nusu ya sauti ya Stones. Wapigaji waliosoma vizuri hukamilisha haihati zote nane, kwa usafi, na kumkosa Watts kabisa. Hapa kupunguza ndiko kuiga. Stones wanatusaidia pia kwenye suala la metronomu. "Honky Tonk Women" ya 1969 inaanza kwa kengele iliyogongwa na mtayarishaji wao Jimmy Miller, na wimbo unaongezeka kasi waziwazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiufunga kwenye metronomu utaupata sahihi na utaupoteza. Ninachopendekeza ni kufanya mazoezi na metronomu mpaka uijue kasi ya mwanzo na kasi ya mwisho, kisha uizime. Kupanda kwa kasi kuwe uamuzi wako na wa wenzako. Kupanda kwa woga ni kitu kingine, na msikilizaji anavitofautisha.

Kuna mahali ambapo vifaa vya kisasa vinatoa msaada wenye madhara. Kwenye "Good Times Bad Times" ya 1969, Bonham alipiga mapigo ya mguu ya haraka kwa pedali moja, na wasikilizaji wengi waliamini ana kiki mbili. Leo pedali pacha zinapatikana kwa bei ya kawaida, na mtu anaweza kuyapata mapigo yale kwa miguu miwili bila jasho. Yatatoka sawasawa, na usawa huo ndio tatizo: mguu mmoja hupiga la kwanza dogo na la pili kubwa, na mdundo unasukumwa mbele na tofauti hiyo. Mwenye pedali pacha aitumie, ila afundishe mguu wake wa kushoto kupiga kwa unyenyekevu. Vivyo hivyo kwa Neil Peart wa Rush kwenye "Tom Sawyer" ya 1981, ambapo haihati zile za haraka zinatoka kwa mkono mmoja. Ukizigawa kwa mikono miwili unapumzika, lakini kila snea inapofika mkono mmoja unalazimika kuondoka, na haihati inatoboka pale pale ambapo Peart aliiacha iendelee. Kwangu tobo hilo ni bei ndogo kuliko mkono uliokakamaa katikati ya wimbo. Kila mtu apime mkono wake.

Baada ya mwili kuna chumba na watu uliomo nao. Wapiga dramu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wamejifunzia kanisani, mara nyingi nyuma ya kinga ya plastiki, na wanajua kupiga kwa kujizuia. Wengine wapo kwenye fleti ambako jirani wa chini ana mtoto mchanga, na dramu zao ni za umeme, za kupiga kwa spika za masikioni. Bendi za hoteli za pwani, ambako bendi ya Them Mushrooms pia ilipitia, zimeishi miaka mingi kwa kupiga kopi za kila aina mbele ya wageni wanaokula, ambao hawataki kuinua sauti wazungumze. Katika mazingira yote hayo kubadilisha si hiari. Gitaa la kawaida na sauti moja haviwezi kubeba dramu kamili za Bonham. Mpigaji anaweza kukaa kwenye kahoni, lile sanduku la mbao la kukalia, akapata kiki katikati ya ubao na snea pembeni juu, na wimbo ukasimama vizuri. Matoazi ndiyo ya kwanza kuondoka. Roki ilizoea kuyatumia kujaza anga la uwanja wa mpira, na sebuleni hakuna anga la kujaza.

Wanaodhani kuondoa vitu ni kudhoofisha wasikilize "We Will Rock You" ya Queen ya 1977, bendi iliyoimbiwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Roger Taylor wao ni mpiga dramu hodari, lakini wimbo ule hauna dramu. Ni miguu inayokanyaga mbao na viganja vinavyopigwa, vikirekodiwa tena na tena juu ya vyenyewe, mara mbili chini na moja juu. Brian May, aliyeutunga, alitaka umati uweze kuupiga. Mtu anapouchukua akauhamishia kwenye kiki na snea ameongeza vifaa na kupunguza watu. Kama ni kopi ya peke yako, afadhali rekodi miguu yako na viganja vyako mara kadhaa kwenye simu, ukisogea mahali tofauti chumbani kila mara. Kukosa kulingana kidogo kunaleta umati.

Wimbo wa "In the Air Tonight" wa Phil Collins, uliotoka Januari 1981, unatupeleka kwenye swali la vijazio, na hapa nina msimamo mkali. Kwa dakika tatu na nusu hivi wimbo unakwenda na mashine ya mdundo, Roland CR-78, ikigonga polepole. Halafu dramu zinaingia kwa kijazio cha mapigo machache kwenye tomu, na sauti yao ni ile iliyozaliwa kabla ya hapo, Collins na fundi Hugh Padgham walipokuwa London wakirekodi "Intruder" ya Peter Gabriel: mwangwi mkubwa unaokatwa ghafla kana kwamba mlango umefungwa. Gabriel alikuwa amekataza matoazi yasipigwe kabisa kwenye albamu ile, na katazo hilo lilisaidia kuipata sauti yenyewe. Ahmet Ertegun wa Atlantic Records alipousikia wimbo wa Collins alihofia kwamba redioni watu hawatapata mahali pa kushika mdundo, na kwa toleo la santuri ndogo Collins akaongeza dramu tangu mapema. Kwa hiyo mwenye wimbo mwenyewe alitoa kopi iliyobadilishwa. Toleo ambalo dunia imelishika ni lile la albamu, la kusubiri.

Anayelipiga toleo hilo basi asubiri. Akae mikono mapajani dakika zote tatu na nusu, hata kama kamera inamwangalia, hata kama mikono inawasha. Na kijazio kikifika asikibadilishe. Vijazio vingi vya roki ni mali ya mpigaji na vinaweza kubadilishwa upendavyo. Keith Moon wa The Who hakuvirudia mwenyewe kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kumwiga neno kwa neno ni kumkosea. Lakini kuna vichache ambavyo hadhira inaviimba kwa midomo na kuvipiga hewani kwa vidole. Hivyo vimeshakuwa sehemu ya wimbo, sawa na kiitikio. Njia ya kuvitambua ni kumwomba mtu asiyepiga chombo chochote auimbe wimbo. Akitoa mdundo kwa mdomo mahali fulani, pale usipaguse.

Mazoezi yenyewe nayaeleza kwa ufupi, maana kila mwalimu anayajua. Sikiliza bila vijiti mpaka uweze kuimba sehemu ya dramu yote kwa mdomo. Andika mguu kwanza, snea pili, haihati mwisho. Piga kwa nusu ya kasi. Programu za sasa zinazotenganisha sauti ndani ya rekodi zinaweza kukutolea dramu peke yake uzichunguze, na ninazipenda kwa kazi hiyo, ila zinaacha mabaki ya gitaa yanayofanana na mapigo ya matoazi, kwa hiyo ukisikia kitu cha ajabu rudi kwenye rekodi kamili kabla hujakiamini. Kisha jirekodi, na usijisikilize siku hiyo hiyo.

Linabaki suala la haki, na wengi huliacha mpaka video yao inapoondolewa mtandaoni. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, kama za nchi nyingi, hutenganisha utunzi na rekodi. Anayepiga dramu juu ya rekodi ya asili iliyoondolewa dramu anatumia vyote viwili, na mifumo ya utambuzi ya YouTube huigundua rekodi upesi, hata kama kiki na snea ni zako. Anayepiga na rafiki mwenye gitaa, wimbo wote ukiwa wamerekodi wenyewe, hakugusa rekodi ya mtu. Amebaki na deni la utunzi tu, na hilo mara nyingi hulipwa kwa mapato ya matangazo kupelekwa kwa mwenye wimbo. Hata kwa sababu hiyo peke yake ningechagua rafiki. Isitoshe, rafiki hukulazimisha kusikiliza.

Deni kwa mpiga dramu ni zito zaidi, kwa sababu sheria kwa kawaida humhesabia utunzi aliyeandika maneno na muziki, na mdundo huonekana kama huduma. Gregory Coleman wa The Winstons alipiga sekunde chache kwenye "Amen, Brother" mwaka 1969, zikageuka msingi wa maelfu ya nyimbo za watu wengine, naye hakupata malipo yake. Clyde Stubblefield, aliyempigia James Brown kwenye "Funky Drummer", hakupata jina la mtunzi wala fedha zake. Bonham ni miongoni mwa wachache: jina lake limo kati ya watunzi wa "When the Levee Breaks", pamoja na wenzake watatu na Memphis Minnie. Kansas Joe McCoy hayumo. Kwa hiyo unapoandika maelezo chini ya video yako, jina la bendi halitoshi. Andika aliyepiga dramu, na kama unamjua aliyeupiga mdundo huo kabla yake, mwandike naye. Kwenye "Rosanna" hiyo ni mistari minne: Porcaro, Purdie, Bonham, Bo Diddley. Kisha andika na yako, useme ulichoondoa na ulichokiacha, ili atakayeanzia kwako ajue pa kushika.